Mpaka wa Miswaki

Walisema sitaweza kuotesha hata majani ya kulisha sungura. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa kaka yangu, barazani kwake, amepandisha mguu juu ya mguu, mbele ya watu waliokuja kunipokea nilipotoka Uarabuni. Watu walicheka. Jirani anayetengeneza baiskeli akaongeza kwamba mtu aliyezoea kumwagilia maua ya matajiri kwa mpira hawezi udongo wa Mtopanga. Mama mmoja auzaye viazi karai akasema diploma ni karatasi, na karatasi yeye anafungia viazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimevaa saa kubwa. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza. Sikusahau hata uso mmoja.

Mimi ndiye mtu wa kwanza nyumbani kwetu kupata diploma. Ni ya kilimo cha bustani, niliisomea bara kwa pesa za kubeba magunia, na hakuna aliyenichangia hata nauli. Baadaye nikaenda nchi moja ya Ghuba, nikapanda mimea kando ya barabara kwa miaka saba, mahali ambapo jua likipanda hata nzi hutafuta kivuli. Mmea tuliopanda zaidi ni mswaki, huu huu ambao watu wa hapa hukata vijiti vyake wakasugulia meno. Ni kichaka cha kwetu, hakivui majani mwaka mzima, na kikishashika ardhi kiangazi hakikiwezi. Waarabu walinilipa nikioteshe kwao. Kwa hiyo kaka yangu aliponicheka alikuwa anamcheka mtu aliyemzidi kwa kila kitu isipokuwa umri.

Alikuwa na sababu ya kunicheka. Kiwanja cha marehemu baba yetu hakina hati. Kwetu mpaka ni mimea: baba alipanda mnyaa kutoka kwenye kisiki cha mkorosho hadi kizingiti cha dada yake, yaani shangazi yetu, akasema huku kwa mkubwa, huku kwa mdogo. Mnyaa ukiwa hai, mpaka upo. Ukifa wote na asiupande mtu mwingine, basi mpaka umekufa nao, na aliyepo ndiye mwenye mahali. Hivyo ndivyo watu wetu wamegawana ardhi tangu zamani. Nilipokuwa ng'ambo kaka aling'oa mnyaa, mche kwa mche, akidai maziwa yake yangewapofusha watoto. Halafu akasogea hatua tatu upande wangu, akamjengea mkewe jiko la makuti linalotazama njia. Shemeji alipika humo mahamri na mbaazi za asubuhi. Kila aliyekwenda kazini alipita dirishani pake.

Nilimpelekea shangazi mashtaka. Ndiye mkubwa aliyebaki, na nyumba yake iko mwisho wa mpaka, kwa hiyo hakuna wa kumpinga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na maneno au umekuja na sukari?"

Nilikuwa nimekuja na vyote viwili. Alisikiliza, akatuita mimi na kaka siku iliyofuata, akatuketisha mkeka mmoja.

"Wewe mdogo, panda palipokuwa mnyaa," alisema. "Kisikini mpaka hapa mlangoni kwangu. Ukipita kiangazi cha kwanza na cha pili ukiwa mbichi, jiko litatoka. Ukikauka, ndugu yako atakaa alipo, nawe usifungue mdomo wako tena mpaka tukuzike."

"Apande nini?" kaka aliuliza. "Tende?"

"Mswaki," nilisema.

Kaka alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwenda mpaka Uarabuni kurudi na mswaki. Si ungenunua tu dukani, Mwarabu wetu?"

Jina hilo likanishika. Mwingine aliniita bwana shamba. Niliyakubali yote mawili, kwa sababu nilijua siku nitakayowalipa.

Nilienda Mtongwe, nyuma ya mikoko, ambako mswaki huota peke yake kwenye mchanga wa chumvi. Nilikusanya matunda yaliyoiva, yale madogo mekundu yenye utamu unaowasha. Mtu asiyesoma huyapanda yalivyo, halafu hushangaa kwa nini hayaoti. Mimi nilimenya nyama yote, nikaosha mbegu mpaka hazitelezi tena, nikazikausha kivulini kisha nikazisia kwenye mifuko. Masika yalipoanza nilikuwa na miche sitini na zaidi, iliyonyooka, na nikaipanda kwenye mstari wa baba kwa kamba. Kamba ilifika kwenye ukuta wa jiko la shemeji. Nikaivusha juu ya makuti, nikaendelea upande wa pili. Shemeji alikuwa ndani akikuna nazi. Alitoka, akaitazama kamba iliyopita juu ya paa lake, akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi.

Kwanza walikuja mbuzi, mbuzi wa kaka, na wala hawakuja kwa bahati mbaya. Alikuwa akiwafungulia asubuhi huku amenitazama. Wakala miche tisa. Nikazoa samadi yao wenyewe, nikaikoroga kwenye ndoo mpaka ikawa uji, nikapaka kila jani kwa mkono. Mbuzi hali kitu chenye harufu ya kinyesi chake. Kwa majuma mengi nilinuka, na kila nilipopita dukani watu waliziba pua na kuniuliza kama ndiyo manukato ya Dubai. Niliwajibu kwamba ndiyo, na kwamba nyumbani ninayo mengine. Lakini mbuzi hawakula tena, na kaka akaacha kuwafungulia.

Kisha mvua ikakatika, kiangazi cha kwanza kikaingia, mifereji ya maji majumbani ikakauka kama kila mwaka. Mtopanga visima ni vya chumvi. Maji matamu huletwa na mikokoteni, mtungi kwa bei apendayo mwenye mkokoteni. Na mimi sikuwa na kitu tena. Pesa za Uarabuni zilikuwa zimekwenda kwenye geti la chuma, seti ya viti vya sebuleni na nauli ya kurudi kama mtu. Hakuna aliyejua hilo, na nisingekubali ajue. Kukopa pesa kungenivua nguo. Lakini kukopa maji si aibu kwetu. Mtu hunyimwa ugali, hunyimwa binti, lakini mtungi mmoja wa maji hanyimwi, na anayepewa hurudisha mtungi uliojaa siku mambo yake yakikaa sawa. Nikakopa. Nilikopa kwa fundi baiskeli na kwa mama wa viazi karai. Nilikopa nyumba zote za upande wetu wa njia, hata kwa wale walionicheka, kwa sauti ya mtu ambaye amesahau tu kununua.

Na nilikopa kwa shemeji. Kaka akishaondoka kwenda kazini Changamwe, nilisimama kwenye dirisha la jiko.

"Shemeji, hujambo? Nikopeshe mtungi."

"Wa nini?"

"Wa miche."

Aliniangalia. Alijua vizuri kama mimi kwamba kila mche utakaopona ni hatua moja ya kumtoa pale aliposimama. Akausogeza mtungi kwa mguu hadi mlangoni.

"Ukimaliza uurudishe mtungi wenyewe," alisema. "Una mfuniko mzuri."

Kesho yake nikarudi. Alinipa tena. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ananiogopa, nikafurahi.

Kila siku niliinywesha miche maji matamu, kikombe kwa kikombe, kama ilivyoandikwa kwenye madaftari yangu ya chuo. Ndani ya mwezi ikaanza kuwa ya manjano. Nikaongeza maji, ikazidi. Siku moja tu niliyokosa maji, miche ishirini ililala kama imepigwa. Kaka alipita akihesabu kwa sauti, mche kwa mche, na kila alioukuta umelala aliutakia safari njema.

Mwisho wa mstari, mlangoni kwa shangazi, palikuwa na miche mitatu ambayo haikulala. Ilikuwa na kijani kizito, majani manene. Nikadhani ni kazi yangu, mpaka jioni moja nilipomkuta shangazi anamwaga karai la maji ya vyombo juu yake. Maji ya kisimani, yale ya chumvi, yenye sabuni na punje za wali.

"Shangazi, unaniulia miche."

"Abee?"

"Unaniulia miche, nasema. Maji ya chumvi, na sabuni juu yake."

Watu walikuwa njiani wakitoka kazini, na wakasimama. Nilipaza sauti ili wasikie. "Mimi nimesomea mambo haya, shangazi. Wewe umesomea wapi?"

Alijifuta mikono kwa leso, akachukua karai lake. "Sikusoma, baba," alisema. "Mimi ninamwaga maji tu." Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Mtu mmoja njiani alicheka, na nilidhani anamcheka yeye.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikafanya kile ambacho ningefanya mapema kama ningekuwa mwerevu kama nilivyojisifu. Nilichimba mmoja wa miche yangu ya manjano. Mizizi yake ilikuwa mifupi, imejikunja juu juu kama ndevu, inangoja kikombe chake cha kila siku. Nikachimba pembeni ya mmoja wa shangazi. Mzizi mmoja ulishuka wima, nikaufuata kwa mkono hadi kwapani bila kufika mwisho wake. Yeye alimwaga mara moja kwa siku nne au tano, kwa karai zima, na maji ya chumvi. Mmea uliozaliwa nyuma ya mikoko ulikuwa umepata ulichokizoea. Mimi nilikuwa nimeulea kama mtoto wa tajiri, na ulikuwa unakufa kama mtoto wa tajiri.

Sikumwambia mtu. Nilifukia mashimo, nikaanza kuteka maji ya kisimani, na kila mche ukapata ndoo nzima kwa juma, kisha kwa majuma mawili, kisha basi. Pa iliyokufa nilipanda mingine niliyobakiza kwenye mifuko. Kijani kikarudi. Watu wakasema diploma inafanya kazi, nami nikawaachia waseme.

Lakini sikuacha kukopa. Ningeacha ghafla, wangeuliza miche inakunywa nini, na jibu lingeanzia kwenye karai la shangazi. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama dirishani kwa shemeji na kuchukua mtungi wake, nikaumimina kwenye pipa langu, nikaogea. Maji ambayo angekandia unga wa mahamri niliogea mimi, kwa sabuni ya Uarabuni, nikapaka mafuta, nikatoka kupita mbele ya baraza la kaka. Siandiki haya ili nisamehewe. Nayaandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu yalikuwa maji mazuri.

Kiangazi cha pili kilikuwa kikali kuliko cha kwanza. Mahindi ya watu yalikauka yakiwa magotini. Mchicha ulikufa, mikunde ikafa, hata mpapai wa fundi baiskeli ukavua majani yote ukabaki kama mlingoti. Mswaki wangu haukupata tone langu hata moja, na ulisimama kifuani kwa mtu, mbichi, ukitoa hata maua. Watu wa Kisauni nzima waliopita njia hiyo waligeuza shingo. Nilizoea kukaa karibu nao jioni nikiwa na kijiti chake mdomoni.

Siku mawingu ya masika yalipokusanyika shangazi alitoka na fimbo. Alianzia kisikini. Kwa kila mche alivunja kijiti, akakitafuna kwa meno machache aliyobaki nayo, akatema.

"Mbichi," alisema.

Kaka alimfuata nyuma akitumaini. Mimi nilitembea mbele. Nyumba zote zilikuwa nje. Mbichi, alisema, na mbichi, na mbichi, mpaka akafika kwenye ukuta wa jiko, ambamo moshi ulikuwa bado unatoka. Alizunguka, akaendelea upande wa pili hadi mlangoni kwake. Mitatu yake ya mwisho hakuitafuna. Aliipita akiigusa tu kwa kiganja.

"Jiko litoke," alisema.

Kaka alinijia. Hakuwa amenijia hivyo tangu tukiwa watoto, mikono imeanguka.

"Mdogo wangu, nakuomba mwezi mmoja. Ramadhani inaingia. Mahamri yanauzika mwezi huo kuliko mwaka mzima, unajua mwenyewe, majirani hawa wote wanafuturu kwetu. Nipe mwezi huo mmoja, halafu nitalibomoa mwenyewe."

Ilikuwa haki kuomba, na isingenigharimu chochote kumpa. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nikaingia ndani nikatoka na boksi la kadibodi, nikaliweka barazani kwake, nikalifungua. Ndani mlikuwa na sungura, nimemnunua Kongowea siku ile ile.

"Huyu hapa," nilimwambia. "Chuma majani umlishe."

Watu walicheka zaidi ya walivyocheka siku ya kunipokea. Fundi baiskeli alipiga makofi. Kaka alimtazama sungura, sungura akamtazama. Kisha akaenda kuchukua panga, akapanda juu ya jiko, akaanza kukata kamba za makuti. Shemeji alitoa vitu kimoja kimoja: karai kubwa la kukaangia, mbuzi ya nazi, kinu, chungu cha mbaazi kikiwa bado na mbaazi. Aliviweka mchangani kwa mpango, kama mtu anayepanga duka. Mtungi wenye mfuniko mzuri aliubeba mwisho.

Jioni palikuwa na mafiga tu. Nilipanda miche kumi na mmoja pale pale, na majivu yake yakaifaa sana.

Shemeji alihamishia jiko barazani, upande wa nyuma. Moshi uliingia chumbani, na wateja hawakumwona tena kutoka njiani, wakazoea dirisha la mtu mwingine. Kabla Ramadhani haijaisha alikuwa amekwisha kuacha mahamri, anawafulia watu nguo. Sungura yule alifugwa na watoto wake. Alinenepa.

Mambo yangu yakakaa sawa. Mtu mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za kupangisha Miritini alipita, akauona ua wangu, akaniuliza nani ameupanda. Nikamletea diploma yangu ikiwa kwenye fremu. Akanipa kiwanja chake chote nikizungushie ua, kisha jirani yake akanipa chake, na leo upande ule wa stesheni kuna ua wa mswaki mrefu kuliko njia ya kwetu mara kumi. Wote nimeumwagilia maji ya chumvi kwa karai, mara moja kwa siku nne au tano. Wafanyakazi wangu wanaiita njia ya diploma.

Basi nikaamua siku ya kulipa. Nilikodi boza la maji matamu. Sikupeleka mtungi mlango wa nyuma kama nilivyokopa. Nilimwambia dereva apige honi kila nyumba mpaka watu watoke, nami nikatoa kichwa dirishani.

"Mama, mitungi yako leta."

"Ile ya mwaka juzi?" mama wa viazi karai aliuliza. "Bwana shamba, mimi nilishasahau."

"Mimi sikusahau. Jaza, halafu useme umepokea."

"Nimepokea."

"Sema wakusikie."

Akasema wakamsikia. Fundi baiskeli aliuliza kama ninatoa na riba, nikamjazia mitungi yake na ndoo mbili juu, nikamwambia riba hiyo amwagilie mpapai. Alicheka, lakini hakunitazama. Nyumba kwa nyumba walipokea, wakasema, na honi ikalia kwenye mlango uliofuata. Kwa shangazi nilisimama pia.

"Mimi hukunikopa," alisema kutoka kizingitini.

"Najua, shangazi."

"Basi endelea." Hakutoa chombo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kaka. Yeye alikuwa kazini. Shemeji alitoka mikono imevimba kwa sabuni, akapanga mitungi yake, na dereva akaijaza. Wa mwisho ulikuwa ule wenye mfuniko mzuri.

"Nimepokea," alisema kabla sijamwambia.

Kisha akainua mtungi wa kwanza, akautembeza mpaka kwenye mswaki, pale yalipokuwa mafiga yake, akaumimina wote chini ya shina. Akarudi kuchukua wa pili.

"Shemeji," nilisema, "hayo ni ya kunywa."

"Si mti ndio uliokopa?" Akamimina. "Mimi ninaulipia."

Majirani walikuwa wamenifuata nyuma ya boza, na sasa walikuwa wakimtazama yeye. Niliona njia moja tu ya kumnyamazisha.

"Mswaki uliacha kunywa maji yako," nilimwambia. "Tangu kiangazi kile cha kwanza. Ulikunywa ya kisimani. Yako niliogea."

Hakusimama. "Najua. Shangazi aliniambia siku ile ile uliyomfokea. Alisema utaona mwenyewe, mizizi haifichiki. Nilikuwa nakuona unatoka bafuni unanukia."

"Na ukaendelea kunipa?"

"Nilitaka nione utaomba mpaka lini."

Alimimina mtungi wa tatu, wa nne, bila haraka, akitikisa kila mmoja tone la mwisho litoke. Maji yalisimama kidogo juu ya mchanga, kisha yakazama yote. Mswaki haukutikisika jani. Ulipofika ule wenye mfuniko mzuri, aliufungua, akanawa uso na mikono, akamimina yaliyobaki, akaufunga tena na kuingia nao ndani.

Dereva wa boza alitoa kichwa. "Bosi, kuna nyumba nyingine?"

Nilimwambia hakuna. Nilikuwa nimemlipa kila mtu.